Shajara ya mradi: cheti cha 4,294,967,297

Jumapili usiku

Mradi wenyewe ni mdogo: programu inayopewa namba nzima yoyote na kutoa ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza namba hiyo inasomwaje, vigawo vyake ni vipi, na imo katika makundi gani. Ukurasa huo tumeuita cheti. Mimi nafundisha hisabati sekondari hapa Tanga, na mdogo wangu anasomea kompyuta Dodoma. Mimi naandika, yeye anakosoa. Kwa namba ndogo kazi imekwenda vizuri wiki nzima. Cheti cha 28 kimetoka safi, cha 1729 pia. Leo nimetaka namba ya kuitesa programu, nikachagua 4,294,967,297.

Sikuiokota tu. Namba hii ni 2³² + 1. Sanduku la biti 32 (tarakimu 32 za sifuri na moja) ndani ya kompyuta linaishia 4,294,967,295, kwa hiyo yetu imeuvuka mpaka huo kwa hatua mbili. Tena ndiyo namba iliyomuumbua Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17. Programu ikipita hapa bila kuanguka nitaanza kuiamini.

Kabla ya yote tumeandika kanuni moja juu ya faili: cheti kisiseme jambo ambalo mwanafunzi hawezi kulikagua mwenyewe kwa kalamu, karatasi na kikokotoo cha simu. Niliiandika kwa kujiamini sana hiyo kanuni.

Jumatatu

Kuitamka namba kwa maneno nilidhani ni kazi ya nusu saa. Imekula jioni nzima.

Programu ilitoa: bilioni nne milioni mia mbili tisini na nne laki tisa elfu sitini na saba mia mbili tisini na saba. Soma tena pale kwenye "elfu sitini na saba". Ni 67,000 au 60,007? Mswahili sokoni analijua tatizo hili, ndiyo maana akitaka kukata ubishi anageuza: "sitini na saba elfu". Kwenye milioni mambo ni hayohayo, ila huko hatuna mazoea ya kugeuza. Nimeamua elfu ikae mwisho wa kundi lake na kila kundi lifungwe kwa mkato: bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, laki tisa sitini na saba elfu, mia mbili tisini na saba.

Mdogo wangu anataka laki iondoke, eti vitabu vipya vinasema mia tisa elfu. Nimemjibu kwamba siku bei za viwanja zitakapoacha kutajwa kwa laki, nami nitaiondoa. Laki imebaki.

Jumanne

Cheti cha kwanza kamili kimetoka leo, na juu kabisa kimeandikwa: *Namba: 1*. Chini yake: si tasa (namba yenye vigawo viwili tu, 1 na yenyewe), ina kigawo kimoja tu, ni mraba wa 1. Kila mstari ni wa kweli, ila ni wa namba nyingine.

Chanzo nimekipata baada ya chai. Kuokoa kumbukumbu, niliziweka namba za majaribio katika safu ya biti 32. Kwa lugha ya sifuri na moja, 4,294,967,297 huandikwa moja, kisha sifuri 31, kisha moja. Jumla ni tarakimu 33. Sanduku la tarakimu 32 linapopewa kitu cha 33 halilalamiki, linakata cha mbele na kubaki na vilivyosalia. Hapa cha mbele ndicho kilikuwa namba yenyewe, kikabaki kimkia: 1. Ni sawa na mita ya gari kuukuu iliyozunguka hadi mwisho ikaanza upya. Dereva mpya atakuapia gari halijatembea.

Nimehamishia hesabu zote upande wa Python, lugha ya programu ambako namba nzima hukua kadiri unavyotaka. Ukurasa wa wavuti sasa unaonyesha tu. Huko kwenye ukurasa kulikuwa na mtego mwingine ambao haujaniuma bado: JavaScript, lugha ya kurasa za wavuti, kwa kawaida huwa na uhakika wa namba nzima hadi karibu na 2⁵³, yaani 9,007,199,254,740,992 tu. Namba ya tarakimu kumi ukiizidisha kwa yenyewe unapata ya tarakimu kama ishirini, na hapo mashine huanza kukadiria kimyakimya.

Jumatano

Leo programu imeisoma namba nzima, ikafikiri kwa muda usiofika kufumba jicho, ikaandika kwa herufi za kijani: TASA.

Si tasa. Hilo nalijua kabla ya kuanza, ndiyo sababu ya kuichagua. Lakini nataka kuandika hapa jinsi ilivyokosea, kwa kuwa kosa lenyewe ni zuri kuliko majibu mengi sahihi niliyowahi kupata.

Kipimo nilichotumia ni kile cha Fermat. Kama n ni tasa na si 2, basi 2 kwa kipeo cha n − 1, ikigawanywa kwa n, huacha baki 1. Kwenye msimbo ni mstari mmoja:

pow(2, n-1, n) == 1

Kinyume chake si lazima kiwe kweli. 341 hupita kipimo hiki ilhali ni 11 × 31. Nilijua, ila nilijipa moyo kwamba walaghai wa aina hiyo ni wachache, na kweli ni wachache: chini ya bilioni 25 wapo 21,853 tu. Nikaona uwezekano wa kukutana na mmoja wao ni mdogo kiasi cha kuupuuza. Hesabu hiyo inafaa kwa namba iliyookotwa njiani. Yangu nilikuwa nimeichagua.

Angalia kinachotokea. Tuite namba yetu N. Kwa kuwa N = 2³² + 1, ukiigawanya 2³² kwa N ni kama kubaki na −1, yaani imepungukiwa na 1 tu kuifikia N. Ukiizidisha kwa yenyewe, 2⁶⁴ inabaki na 1. Sasa kipeo tunachokihitaji, N − 1, ni 2³², ambacho ni kigawe cha 64 (64 hukigawa bila baki). Basi baki ni 1, na haikuhitaji kompyuta. Ujanja huu unafanya kazi kwa kila namba ya umbo hili la Fermat, iwe tasa isiwe tasa. Kipimo cha msingi 2 (2 ndiyo inayopandishwa kipeo) kikipewa ukoo huu kinajibu "tasa" daima, kama mtu anayeitikia "ndiyo" kabla hujamaliza swali.

Nilimwandikia mdogo wangu. Akajibu, "Kaka, weka kipimo cha Miller–Rabin, hicho cha Fermat ni cha kizamani." Nikaweka, kwa msingi 2. Ikapita tena! Miller–Rabin huangalia kama njiani kunatokea −1, nayo inatokea palepale kwenye 2³². Nikampigia simu, tukacheka hadi salio likaisha.

Nilipobadilisha msingi kuwa 3, mambo yalinyooka. 3 kwa kipeo cha N − 1 huacha baki 3,029,026,160, nayo ingepaswa kuwa 1. Tangu mwaka 1993, kwa kazi ya mwanahisabati Jaeschke, inajulikana kwamba misingi mitatu, 2, 7 na 61, inatosha kuamua bila kosa kwa namba yoyote iliyo chini ya 4,759,123,141. N imo humo. Nimeiweka misingi hiyo mitatu kwenye programu.

Sasa cheti kinasema *si tasa*, na kinasema kweli. Ila kanuni yetu ya kalamu na karatasi inanitazama. Mwanafunzi ataikaguaje 3,029,026,160?

Alhamisi

Sikugusa msimbo. Nimesoma historia tu, nikarudi nayo kidogo kwa ajili ya kisanduku cha pembeni kwenye cheti.

Mwaka 1640 Pierre de Fermat aliandika katika barua zake kwamba namba za umbo hili, 2 kwa kipeo ambacho chenyewe ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, ukiongeza moja, anaamini zote ni tasa. Zinaanza 3, 5, 17, 257, 65,537. Zote tano ni tasa kweli. Ya sita ndiyo N. Alikiri kwamba uthibitisho kamili hana. Mwishoni mwa 1729 mwanahisabati Goldbach alimwuliza mwenzake Euler, aliyekuwa St. Petersburg, kama anaijua habari hiyo ya Fermat. Mwaka 1732 Euler akaja na jibu: N inagawanyika kwa 641.

Kinachonishangaza si ukali wa Euler. 641 ni tasa ya 116 tu ukihesabu kutoka 2. Mtu anayegawanya kwa subira, tasa moja baada ya nyingine, angeifikia kwa siku chache za kalamu, na Fermat alikuwa na karibu miaka 25 ya kuishi tangu aandike. Hakuna anayejulikana kuifikia kabla ya Euler. Mifano mitano mfululizo ilikuwa imekubali, watu wakatosheka.

Miaka 80 baada ya Euler, mtoto wa Kimarekani aitwaye Zerah Colburn, mzaliwa wa 1804, alipelekwa London kuonyeshwa kama mkokotoaji wa ajabu. Aliulizwa namba hiihii, akataja 641 papo hapo kichwani. Nimelisoma darasani leo. Mwanafunzi mmoja wa nyuma akauliza kama huyo mtoto alikuwa na tuisheni.

Ijumaa

Leo nimepata ninachokitaka: njia ya kumfikisha msomaji 641 bila kugawanya mara 116.

Chukua kigawo tasa chochote cha N, kiite p. Ukigawanya kwa p, 2³² inabaki na −1 na 2⁶⁴ inabaki na 1, na hakuna kipeo kidogo kuliko 64 kinachotoa 1. Fermat yuleyule anatuambia 2 kwa kipeo cha p − 1 hutoa 1 pia. Kwa hiyo 64 lazima iigawe p − 1 bila baki, yaani p ni kigawe cha 64 ukiongeza moja. Huo ni ugunduzi wa Euler. Mwaka 1878 mwanahisabati Édouard Lucas akaubana zaidi: ni kigawe cha 128 ukiongeza moja.

Basi watahiniwa ni hawa: 129, 257, 385, 513, 641. Ya 129 inagawanyika kwa 3, 385 kwa 5, 513 kwa 3. Inabaki 257, lakini hiyo ni ndugu wa N katika ukoo wa Fermat, na ndugu hao hawagawanyani: ukizidisha 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 unapata N − 2 kamili, kwa hiyo yeyote kati yao akiigawanya N anabaki na 2. Anayefuata mlangoni ni 641. Umegawanya mara moja tu.

Kuna uthibitisho mfupi zaidi, ambao sijui kama kuna kitu cha hisabati nilichokipenda zaidi mwaka huu. 641 ni 5 × 128 + 1, yaani 5 × 2⁷ + 1. Vilevile 641 ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Kutokana na la kwanza, 5 × 2⁷ inabaki na −1 ukigawanya kwa 641, na kwa kipeo cha nne, 5⁴ × 2²⁸ inabaki na 1. Kutokana na la pili, 5⁴ ni sawa na −2⁴. Weka moja ndani ya nyingine: −2³² inabaki na 1. Kwa hiyo 2³² + 1 inabaki na sifuri. Nimeuandika ubaoni, darasa likanyamaza, nikadhani wameelewa. Wawili walikuwa wameelewa. Nitaurudia Jumatatu.

Ukigawanya sasa: 4,294,967,297 ÷ 641 = 6,700,417.

Je, hiyo 6,700,417 yenyewe ni tasa? Programu inasema ndiyo, ila baada ya Jumatano siiamini programu kwa neno tupu. Kipeuo chake cha pili ni 2,588 na ushei, na kigawo chake chochote tasa ni kigawo cha N pia, kwa hiyo kinabanwa na Lucas yuleyule. Chini ya 2,588, tasa zinazozidi kigawe cha 128 kwa moja ni tano tu: 257, 641, 769, 1153 na 1409. Nimegawanya kwa mkono mezani, kikokotoo kikiwa kimefungiwa kwenye droo:

257 inaacha 170
641 inaacha 44
769 inaacha 120
1153 inaacha 334
1409 inaacha 622

Hakuna sifuri. 6,700,417 ni tasa, na uthibitisho wake wote umeenea nyuma ya bahasha ya bili ya maji. Bila kanuni ya Lucas ningegawanya mara mia kadhaa. Mistari hii mitano imeingia kwenye cheti kama ilivyo.

Ijumaa, baada ya isha

Makundi. Hapa shida ni maneno kuliko hesabu.

*Tasa* tunalo, neno zuri na la ajabu. Aliyelichagua alitazama namba isiyo na kigawo akaona haizai. Lakini ukitazama upande wa pili, tasa ndizo zinazozaa namba nyingine zote kwa kuzidishana. N ni mtoto wa tasa wawili. Sijaribu kubadilisha neno, naona raha tu.

Kwa namba ambayo vigawo vyake vya chini yake, vikijumlishwa, vinarudi kuwa namba yenyewe, kama 28, nilitaka kusema *kamili*. Haiwezekani, namba kamili tayari ni zile za …−2, −1, 0, 1, 2… Tumeweka *timilifu*. Zikizidi, *zidifu*. Zikipungua, *pungufu*. Vigawo vya N ni vinne: 1, 641, 6,700,417 na N. Vya chini yake vinajumlika kuwa 6,701,059, hata asilimia moja ya N haifiki. Ni pungufu, tena masikini wa kutupwa.

Yaliyoingia kwenye cheti: witiri, zao la tasa mbili tofauti, haina kigawo cha mraba zaidi ya 1, pungufu, idadi ya namba zilizo chini yake ambazo kigawo kikubwa cha shirika (KKS) kati yake na N ni 1 ni 640 × 6,700,416, yaani 4,288,266,240. Hiyo ya mwisho inaonekana kavu, ila ndiyo hesabu ileile iliyo katika mojawapo ya njia za kulinda ujumbe wa siri mtandaoni: anayejua 641 na 6,700,417 anaipata kwa kuzidisha mara moja, asiyejua atahangaika. Kwa namba ya tarakimu kumi atahangaika sekunde. Kwa ya tarakimu mia sita, kufuli linashika.

Yaliyotupwa: mdogo wangu ameleta orodha ndefu ya makundi ya michezo. Kuna namba "zenye furaha": jumlisha miraba ya tarakimu, rudia, ukiishia 1 una furaha. N inakwenda 417, 66, 72, 53, 34, 25, 29, 85, 89, kisha inazunguka milele bila kufika. Haina furaha. Kuna nyingine zinaitwa "ovu", zile zenye idadi shufwa ya moja katika biti zake, na N ina moja mbili. Kwa hiyo ni pungufu, ovu na haina furaha. Nimemwambia hiyo si hisabati, huo ni umbea. Habari za tarakimu za kumi ni habari za vidole vyetu, namba haihusiki nazo. Nimekubali moja tu ibaki, kwa upendeleo: kwa biti, N inasomeka sawa kutoka kulia na kutoka kushoto.

Jumamosi jioni

Nimempitia mjomba barazani, yuko kwenye bao kama kila Jumamosi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja na daftari tena?"

Nilikaa hadi walipomaliza mkono, kisha nikamuuliza: shimo la kwanza uweke kete moja, la pili mbili, la tatu nne, kila shimo mara mbili ya lililotangulia, hadi ulizunguke bao lote. Bao lina mashimo 32. Utahitaji kete ngapi?

Akaanza kuzipanga kweli. Kete zake ni 64, kama za bao lolote la Kiswahili. Moja, mbili, nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili. Mashimo sita yakajaa, mkononi ikabaki kete moja. Akaitazama, akanitazama.

"Mashimo ishirini na sita bado," akasema.

Nikamwambia jumla yake: 4,294,967,295. Wazee walioketi pale wakataka nirudie, nikarudia kwa laki, na laki ilieleweka.

Hiyo ndiyo jirani wa N wa nyumba ya pili, na ni namba ya tabia tofauti kabisa. N ina vigawo vinne, hii ina 32. Ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537: tasa zote tano za Fermat tunazozijua, zimekaa pamoja. Mwaka 1796 mwanahisabati Gauss, kijana wa miaka 18 na kitu, aligundua kwamba umbo la pande 17 zilizo sawa linachoreka kwa bikari na rula isiyo na alama. Kanuni yake inasema hivyo hivyo kwa zao lolote la tasa tofauti za Fermat, na mwaka 1837 mwanahisabati Wantzel akathibitisha kwamba kwa idadi witiri hakuna nyingine. Kwa hiyo pande 4,294,967,295 ndiyo idadi witiri kubwa kuliko zote tunazojua kwamba umbo lake linachoreka. Hakuna atakayelitofautisha na duara.

Katikati yao amekaa 4,294,967,296, yaani 2³². Hii ndiyo idadi ya anwani zote za intaneti za mfumo wa IPv4, ambazo zilionekana nyingi mno zilipopangwa na leo hazitoshi. Vigawo vyake vya chini yake, 1, 2, 4, 8 hadi 2³¹, ni kete zilezile za mjomba. Vinajumlika kuwa 4,294,967,295. Imepungukiwa na moja tu kuwa timilifu!

Majirani watatu mlango kwa mlango: mmoja ana tasa tano, mmoja ana 2 peke yake imerudiwa mara 32, mmoja ana tasa mbili zisizolingana hata kidogo. Kuongeza moja kunavuruga kila kitu. Nimeweka kwenye programu kitufe cha *majirani*, cheti kitoe vyeti vya pande zote mbili.

Jumapili

Nyongeza moja niliyoipata asubuhi wakati nakagua kitu kingine. N ni jumla ya miraba miwili, hilo liko wazi: 65,536² + 1². Lakini 641 ni 25² + 4², na 6,700,417 ni 2556² + 409². Ukizizidisha kwa kanuni ya zamani ya miraba miwili unapata njia mbili. Ya kwanza: 25 × 2556 + 4 × 409 ni 65,536, na 25 × 409 − 4 × 2556 ni 1. Hiyo ndiyo tuliyokuwa nayo. Ya pili, ukibadilisha alama: 62,264 na 20,449. Kwa hiyo

62,264² + 20,449² = 4,294,967,297

Namba tasa haiwezi kuandikwa kama jumla ya miraba miwili kwa njia mbili. Huo peke yake ni uthibitisho mwingine kwamba N si tasa, na unakaguliwa kwa kuzidisha mara mbili na kujumlisha mara moja. 62,264² ni 3,876,805,696. 20,449² ni 418,161,601. Jumlisha. Halafu nikagundua 20,449 ni 143², nikainuka kwenda kumwambia mke wangu. Alikuwa anapepeta mchele. Akasema, "Mia moja arobaini na tatu mara yenyewe, haya."

Cheti cha N kimefungwa saa tano usiku. Kina ukurasa mmoja na robo, robo ya ziada ni ya bahasha ya bili ya maji. Mstari wa *TASA* wa kijani sasa hauwezi kuandikwa hadi programu iambatishe orodha ya migawanyo yenyewe. Ikishindwa, inaandika "haijathibitishwa" kwa rangi ya kijivu.

Kabla ya kulala nimeiendesha kwa ndugu anayefuata, 2⁶⁴ + 1, yaani 18,446,744,073,709,551,617. Huko vigawo ni vya umbo la vigawe vya 256 ukiongeza moja. Mtahiniwa wa 1071, 274,177, amegawanya bila baki. Kinachobaki ni 67,280,421,310,721. Mwanahisabati Landry alivipata vyote viwili mwaka 1880 kwa kalamu, akiwa mzee. Watahiniwa wa kukagua kama hicho cha pili ni tasa ni kama elfu 32, hawataenea kwenye bahasha. Mdogo wangu anauliza tufanyeje na kanuni ya kalamu na karatasi. Nimemwambia tutazungumza kesho, na kwa sasa mstari huo umeandikwa kijivu.